Mama ya Simbegwire Harudi

Kwa muda wa mwaka mmoja na miezi kadhaa nilimdanganya mtoto wa dada yangu. Nilimwambia mama yake amebaki Aru anauza maharage, akipata pesa atavuka mpaka atuletee viatu. Ukweli ni kwamba dada alikuwa amekwisha kufa. Homa ilimshika njiani tukiwa bado upande wa Kongo, akazikwa na watu wa kanisa moja la kijijini, na sisi tukaendelea na safari mpaka tukafika hapa Lobule. Mtoto alikuwa na miaka mitano. Usiku ule alilala mgongoni mwa jirani, hakuona kitu. Asubuhi akaniuliza, "Mama eko wapi?" Nikajibu, "Eko nyuma, anakuja." Maneno matatu tu, basi, uongo ukawa umezaliwa.

Wakati ule sikuuita uongo. Niliuita huruma. Na sikuwa peke yangu, maana ukipita nyumba kwa nyumba humu kambini utasikia lugha hiyohiyo: baba amesafiri, mama ameenda kutibiwa, kaka amebaki kuchunga ng'ombe. Uganda ina wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, na zaidi ya nusu yao ni watoto. Sijui ni wangapi kati ya hao wanaongoja mtu ambaye watu wazima wote wa mtaa wanajua hatakuja.

Swali langu ni hili: je, ni haki kumpa mtoto aliyefiwa kitabu kinachozungumza kifo? Wako wanaosema huko ni kuchokonoa kidonda. Wako wengine, hasa wageni wanaokuja na maboksi ya vitabu, wanaosema kitabu ni dawa. Mimi naona pande zote mbili zinamtazama mtoto peke yake. Nilivyojionea mwenyewe, kitabu cha namna ile kinaanza kazi yake kwa mtu mzima aliyekaa pembeni ya mtoto.

Kitabu chenyewe ni kidogo, kinaitwa Simbegwire. Kiliandikwa na Rukia Nantale wa hapahapa Uganda, na kimo katika mkusanyiko wa African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini ambao hadithi zake mtu yeyote anaruhusiwa kuzichapa, kuzitafsiri na kuzigawa bila kulipa. Ndiyo sababu kilitufikia. Kijana mmoja anayejitolea kuwasomea watoto alienda Arua kwa shughuli zake, akakitoa kwenye duka la fotokopi, toleo la Kiswahili, akazibana karatasi kwa pini. Duka lilikuwa na wino mweusi tu. Kwa hiyo blanketi la rangi nyingi ambalo hadithi inalitaja, sisi tulilipata likiwa kijivu.

Hadithi ni hii kwa kifupi. Msichana anafiwa na mama. Baba anajitahidi kumlea, halafu analeta mke mwingine, kisha anasafiri kikazi. Mama wa kambo ni mkali, kazi za nyumbani ni nyingi, na faraja pekee ya mtoto ni blanketi alilopewa na mama yake. Siku moja blanketi linachanika. Mtoto anachukua vipande vyake, anaondoka nyumbani, anapanda mti mrefu karibu na kijito na kuimba huko juu wimbo wa kumlilia mama. Wanawake wanaofua nguo wanausikia wimbo, wanadhani ni upepo kwenye majani, wanaendelea na kazi. Mmoja wao tu ndiye anayesimama na kusikiliza vizuri. Anatazama juu. Kumbe ni shangazi yake, dada ya baba. Anamchukua, anamlisha, anamlaza. Baadaye mama wa kambo anakuja kuomba radhi, na pole pole mtoto anarudi kwa baba.

Watoto walikuwa chini ya mwembe, wamekaa kwenye turubai, na mimi nimesimama nyuma na jerikeni yangu nikingoja zamu ya maji. Kijana alisoma kurasa za mwanzo tu, mtoto wetu akanyanyua mkono. Akauliza, "Mama ya huyu atarudi lini?"

Kijana wa watu hakujua habari za nyumbani kwetu. Alijibu kama kitabu kinavyosema. "Hatarudi. Alikufa."

Mtoto hakulia. Aligeuka nyuma akanitafuta kwa macho mpaka akanipata. Nilichukua jerikeni nikaondoka kabla zamu yangu haijafika.

Ili mnielewe, niwaeleze uongo ule ulikuwa umeshanigharimu nini. Miezi michache kabla ya siku hiyo watu wa kanisa walileta viatu vya watoto. Mtoto wetu alikataa kuchukua. Mwalimu akaniita akidhani ni kiburi. Nilipomuuliza mtoto mbele ya mwalimu, alinijibu taratibu, kama mtu anayemweleza asiyeelewa: "Nikikamata hivi, Mama atafika na vyake, atasikia vibaya." Alikuwa anamtunzia mama nafasi. Alitembea peku kwenda shule kwa sababu ya maneno yangu, mchangani na kwenye miiba, na mimi niliyajua yote hayo na siku hiyo pia sikusema. Sasa niambieni, huruma hiyo ilikuwa ya nani? Nilikuwa najihurumia mimi, nisiuone uso wake nikimwambia.

Jioni ya siku ya kitabu hakuuliza kitu. Siku ya pili hakuuliza. Siku ya tatu, tumezima taa, akasema gizani, "Na yangu?" Nilijua anauliza nini. Nilimwambia. Nilitumia neno lenyewe, sikusema amelala wala amepumzika. Alilia usiku ule, na kesho yake alinikasirikia kweli kweli. Karibu wiki nzima akawa anakula kwa jirani. Nilistahili.

Basi kitabu kilifanya nini? Mtoto tayari alikuwa na wasiwasi ndani yake, kwa hiyo huzuni hakuitoa kwenye kurasa. Faraja nayo hakuipata siku ile. Nikifikiri, naona kilifanya mambo mawili.

La kwanza, kilimpa mtoto njia ya kuuliza bila kujitaja. Asingeweza kusema "Mama yangu amekufa?" maana swali hilo lingemtukana mama na kunishtaki mimi kwa pamoja. Lakini aliweza kuuliza habari za Simbegwire. Alimtuma Simbegwire mbele, kama mtu anayetupa jiwe mtoni kujua kina kabla hajavuka. Sisi watu wazima nasi hufanya hivyo. Tukitaka kumwuliza daktari jambo zito tunasema, "Kuna rafiki yangu mmoja ana shida hii." Watoto nao wanahitaji rafiki wa namna hiyo.

La pili ndilo kubwa zaidi kwangu. Kilininyang'anya uongo wangu. Kwa zaidi ya mwaka nilikuwa nimewapanga majirani wote waseme kama mimi, na walikubali, kwa upendo. Karatasi zile hazikupangwa na mtu. Zilisema mama akifa harudi, hata mwisho wa hadithi harudi. Kinachotengenezwa mwisho ni mambo ya walio hai: shangazi anafungua mlango, baba anamfuata mtoto wake, mama wa kambo anatubu. Mama anabaki amekufa. Nimeusoma mwisho ule mara nyingi, mwanzoni nikasema ni mtamu mno, mama wa kambo wa kweli haombi radhi haraka hivyo. Lakini sasa nauheshimu. Mwandishi alijua kipi anaweza kukirekebisha na kipi hawezi, na hakuvichanganya.

Mzee mmoja mwenyeji wa Koboko, jirani yetu na mtu tunayemheshimu, hakukubaliana nami. Tulikuwa tunakoboa mahindi kwake nikamsimulia. Akasema vitabu hivi ni mambo ya wageni. Yeye mwenyewe alikuwa mkimbizi akiwa mtoto. Baada ya serikali ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, watu wengi sana wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan, na wakakaa huko miaka kabla ya kurudi. "Hakuna mtu aliyetusomea," akasema, "na tulikua." Ni hoja nzito na sikuwa na jibu. Nikamwuliza tu, baba yake alifia wapi. Akasema hukohuko ugenini. Nikamwuliza ni nani aliyemwambia. Alikaa kimya kidogo. "Hakuna aliyeniambia. Nilisikia watu wazima wakigawana mbuzi zake."

Sikumjibu, na yeye hakuongeza neno. Lakini nilipokuwa narudi niliwaza kwamba sisi huwa tunajidanganya tukidhani tunachagua kati ya mtoto kujua na mtoto kutojua. Mtoto atajua. Tunachochagua ni kama atasikia kutoka kwetu, tumemshika mkono, au atasikia kwenye habari ya mbuzi.

Tena si kweli kwamba kumwambia mtoto habari za kifo ni jambo geni. Hadithi za jioni za wazee wetu zimejaa yatima, fisi, mama wa kambo na watoto waliopotea porini. Hakuna aliyesema hadithi hizo zinachokonoa vidonda. Na huku West Nile watu wengi huzika nyumbani. Kaburi liko pale uani, mtoto anacheza karibu nalo, kuku wanapita juu yake, na jina la marehemu linatajwa wakati wa kula. Hakuna haja ya kitabu kumweleza mtoto yule babu yuko wapi. Sisi tuliokimbia tuliacha makaburi nyuma, na wengine hatukupata hata nafasi ya kuyachimba. Mtoto wetu hana uwanja wenye kaburi. Ana karatasi zilizobanwa kwa pini. Ni kitu kidogo mno kuchukua nafasi ya kaburi, najua, lakini ni mahali anapoweza kwenda akitaka na kuondoka akitaka. Tulipopatana tena aliazima kile kitabu, akawa anafungua ukurasa mmoja tu, ule wa mti, anautazama, anafunga. Hakuna mtu aliyemhimiza asome mpaka mwisho, na hilo naona ndilo lililomsaidia.

Uganda ina mfano mkubwa zaidi wa ninachokisema. Miaka ya 1990, wakati ukimwi ulikuwa hauna dawa za kutosha kwa watu wetu, wanawake wa NACWOLA, chama cha wanawake wanaoishi na virusi hapa Uganda, walianza kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu. Mmoja wa walioongoza kazi hiyo ni Beatrice Were. Mama aliandika kwa mkono: ukoo wetu ni huu, ulizaliwa mahali fulani, baba yako alikuwa mtu wa namna hii, mimi nilipenda hiki na kile. Hivyo navyo ni vitabu vya watoto, ingawa kila kimoja kilikuwa na msomaji mmoja au wawili tu. Ugumu ulikuwa kwamba huwezi kumwandikia mtoto kitabu cha kumbukumbu bila kumwambia kwa nini unakiandika. Kabla kalamu haijashika karatasi, mama alilazimika kusema: mimi ni mgonjwa. Kitabu kilimtaka mtu mzima aseme kwanza.

Hapa mtu ataniuliza, na atakuwa na haki: je, tusiojua tuseme nini? Maana si kila mtoto humu ana msiba uliothibitishwa. Wako waliotengana na wazazi usiku wa risasi, hawajasikia habari tena. Wenzetu kutoka Sudan Kusini, waliovuka kwa maelfu baada ya vita vya Juba Julai 2016, wanalijua hili kuliko mimi. Huyo mtoto ukimsomea hadithi ya mama aliyekufa umemzika mama yake kabla ya wakati. Ukimwambia atarudi, umefanya nilivyofanya mimi.

Mtafiti mmoja Mmarekani, Pauline Boss, alianza kulichunguza jambo hili miaka ya 1970 kwa familia za wanajeshi waliopotea katika vita vya Vietnam. Aliona kwamba kupotelewa kusiko na jibu kunachosha kwa namna yake, kwa sababu mtu hawezi kulia mpaka amalize wala hawezi kungoja kwa amani. Mimi sina elimu yake, lakini nadhani mtoto wa namna hiyo anadaiwa ukweli kama mwingine yeyote, na ukweli wake ni neno "hatujui". Ni neno gumu kuliko "amekufa" na gumu kuliko "anakuja". Tunahitaji hadithi zinazolijua neno hilo, zinazoishia mtoto akiwa bado anatazama barabara lakini ameshikwa mkono. Bado sijazipata. Labda zitaandikwa na mtu wa humu.

Sasa niwageukie ninyi mnaoleta vitabu, wafanyakazi wa mashirika, maana najua mnasoma kurasa hizi. Asanteni, kwanza. Ila naomba mambo mawili.

Chagueni vitabu ambavyo havina haraka ya kufuta machozi. Viko vingine, mtoto anahuzunika ukurasa wa pili, ukurasa wa nne anavuta pumzi na kuhesabu mpaka kumi, ukurasa wa sita anacheza mpira. Mtoto aliyefiwa akisoma hicho anajiona yeye ndiye mwenye kasoro, mbona yeye bado. Watoto wanavumilia zaidi ya tunavyodhani. E. B. White, mwandishi Mmarekani, alitoa mwaka 1952 kitabu cha watoto kuhusu buibui, Charlotte's Web, na buibui yule anakufa, tena anakufa peke yake. Rafiki yake nguruwe anabeba mayai yake kurudi nayo nyumbani. Watoto wa nchi nyingi wamekisoma. Wanalia, halafu wanakuwa na habari na yale mayai.

La pili, leteni kwa lugha tunayolilia. Mtoto wa hapa anaweza kujua Kikakwa, Kiswahili, Lingala na Kiingereza cha darasani. Neno la Kiingereza la kufa analisoma kama neno la mtihani, analiandika vizuri na kupata alama. Kwa lugha ya nyumbani, neno lilelile linashuka mpaka tumboni. Kule chini ya mwembe, kama kijana angejibu kwa Kiingereza, mtoto wetu asingegeuka kunitafuta.

Na kwetu sisi wakazi. Najua mgao umepungua, na mtu mwenye sufuria tupu akisikia habari za vitabu anaweza kucheka. Sisemi kitabu kitangulie unga. Ila nawaombeni mkumbuke wale wanawake wa kwenye kijito. Hawakuwa wabaya. Walikuwa na nguo za kufua, kama sisi tulivyo na maji ya kuchota, kuni za kutafuta na foleni za kupanga. Wote waliusikia wimbo. Walisema ni upepo kwa sababu upepo haudai kitu kwako. Mimi nilikaa zaidi ya mwaka mmoja chini ya mti ule, mtoto anaimba juu yangu, anakataa viatu, na nikasema ni upepo, ni kiburi, ni utoto, atasahau.

Kwa hiyo nikirudi kwenye swali langu: ndiyo, ni haki kumpa mtoto kitabu hicho, kwa sharti kwamba mtu mzima anakaa hapo na yuko tayari kuulizwa. Kama hayuko tayari, kitabu kibaki sandukuni mpaka awe tayari, na ajue kwamba anayengojewa ni yeye. Kumwachia mtoto karatasi na kwenda zako ni kumtupa peke yake na neno lile.

Mtoto wetu sasa ana miaka minane. Lile blanketi la kijivu amelipaka rangi, upande mmoja tu, kwa penseli alizoazima. Viatu anavaa. Huwa anauliza maswali kwa ghafla, tukichambua mboga au tukitembea kwenda sokoni: Mama alikuwa anapenda kula nini, alikuwa anaimba wimbo gani, nani alichimba. Ninayoyajua namjibu. Juzi akauliza jina la kanisa lile. Sikulijua. Usiku ule sikuuliza hata majina ya watu waliomzika dada yangu, na hilo ni deni langu. Nikamwambia, "Sijui, mwanangu." Akafikiri kidogo, akasema, "Basi barabara ikitulia tutaenda kuwauliza."

Nimemwahidi tutaenda. Safari hii sikusema ili alale.